Anza na kaburi: Napoleon, kiberiti na vitu vilivyokosea karne

Swali limetoka kwa mwandishi mmoja kijana, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Naandika michezo mifupi ya kuigiza kuhusu watu wa historia, waigizaji ni vijana wa sekondari. Juzi tumekaa tunasoma skripti, jamaa mmoja akanidaka mbele za watu kwamba Napoleon wangu anawasha sigara kwa kiberiti usiku wa kuamkia Waterloo na kiberiti enzi hizo hakikuwepo. Nimeenda kuangalia, kweli. Basi akachukua kalamu nyekundu akaendelea: Alexander anasimama kwenye vikuku vya farasi, kata. Caesar anaangalia saa, kata. Leonardo anafuta mchoro kwa raba, Tycho Brahe na darubini, Beethoven na metronomu, Bell anatafuta risasi mwilini mwa rais Garfield kwa mashine, zote kata. Newton naye eti hawezi kusema 'sisi wanasayansi'. Sasa hivi naogopa kuandika hata kijiko. Hivi nyie mnajuaje? Mnakariri tarehe zote za uvumbuzi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo aibu, tumeipitia wengi. Kabla sijaenda mbali nikwambie tu kwamba huyo jamaa wa kalamu nyekundu naye kachemka sehemu moja kabisa na nyingine mbili nusunusu, kwa hiyo usikate tamaa na wala usimwachie hiyo kalamu. Ntakuonyesha ni wapi.

Hamna anayekariri tarehe za uvumbuzi wote, akikwambia anakariri anakudanganya. Mi kazi yangu ni kusoma miswada ya watu kabla haijatoka, riwaya, tamthilia, vitabu vya shule, natafuta vitu vilivyokosea karne (wasomi wanaita anakronizimu, neno gumu bure), na nilichokariri ni kitu rahisi zaidi, mwaka mtu aliokufa. Kaburi lina tarehe moja. Uvumbuzi hauna tarehe moja, una tatu nne zinazogombana, nani alikiwaza, nani alikitengeneza kikafanya kazi, lini kilianza kuuzwa, lini kilifika mkononi mwa mtu wa kawaida. Ukianza na uvumbuzi umeingia kwenye ugomvi wa watu, ukianza na kaburi umeshapata pa kusimama. Napoleon alikufa tarehe 5 Mei 1821 kisiwani St Helena, basi, chochote kilichoanza baada ya hapo hakimhusu hata kingekuwa kitamu kiasi gani kwa stori yako.

Chukua picha ya kamera. Picha ya zamani kuliko zote iliyobaki ilipigwa na Mfaransa Niépce, 1826 au 1827, na hiyo kamera ilibidi ikae imetazama dirishani masaa na masaa. Njia ya Daguerre, ambayo ndo ilikuja kuwafanya watu wakae mbele ya kamera, ilitangazwa 1839. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa "picha halisi ya Napoleon" we pita tu. Lakini Wellington, yule aliyempiga pale Waterloo, picha yake ipo, alipigwa 1844 akiwa mzee wa nywele nyeupe, maana yeye aliishi mpaka 1852. Na wote wawili wamezaliwa mwaka mmoja, 1769! Umri mmoja, vita moja, mmoja ana picha mwingine hana, kisa tu nani katangulia kaburini.

Sasa kaburi ni mpaka wa mwisho tu, tukio lako nalo lina mwaka wake na hapo ndo wengi wanateleza. Beethoven wako ni mfano mzuri. Jamaa kamkata, pengine anafikiri metronomu (kile kifaa kinachogonga kumwonyesha mwanamuziki mwendo wa wimbo) ni kitu cha juzijuzi, kumbe fundi mmoja Maelzel aliisajili 1815 na Beethoven alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuishabikia, mwaka 1817 akachapisha kabisa spidi za metronomu za simfoni zake. Na huyohuyo Maelzel ndo alimtengenezea zile pembe za kuwekea sikioni masikio yalipoanza kumtupa. Kwa hiyo Beethoven na metronomu ruksa, ila hujaniambia tukio lako ni la mwaka gani! Kama anaiwasha akiwa kwenye mazoezi ya Simfoni ya Tano, ambayo ilipigwa mara ya kwanza Desemba 1808, basi mstari mwekundu ubaki. Kama ni Beethoven wa mwisho mwisho, ule wakati haongei na watu ila kwa kuandikiana kwenye madaftari, rudisha na uiache igonge tu, maana hapo una mtu asiyesikia kakaza macho kwenye kitu kinachopiga tiki taka na yeye anakifuata kwa kukitazama. Mwandishi gani anaacha hicho.

Kitu kingine ninachojiuliza kila mara ni kwamba hiki kitu wazazi wake ni nani. Hakuna kifaa kinachozaliwa peke yake. Leonardo alikufa 1519, raba ni mpira, mpira unatoka Amerika ambako Wazungu wamefika 1492, tayari hapo unaanza kusikia harufu. Lakini subiri, ni mwaka 1770 ndo Uingereza wakaanza kutumia vipande vya mpira kufutia penseli, kabla ya hapo watu walifutia mkate, ile nyama ya ndani laini, unaifinyanga kidogo unasugua. Sawa, tumwekee mkate. Anafuta nini sasa? Penseli? Yale madini meusi ya penseli, grafaiti, yalipatikana Borrowdale huko kaskazini mwa Uingereza kwenye miaka ya 1560, Leonardo ana miaka arobaini kaburini. Watu walidhani ni aina ya risasi, namaanisha ile metali, ndo maana mpaka leo kuna wanaoiita penseli "kalamu ya risasi" na haina risasi hata chembe, ni kaboni tupu, Scheele alishalionyesha hilo 1779. Yaani kosa la wachimbaji wa karne ya 16 limekaa ndani ya Kiswahili chetu na hakuna anayeshtuka.

Leonardo alichorea wino, chaki nyekundu, na kuna ile ya kijiti cha fedha, unapaka karatasi mchanganyiko wenye unga wa mifupa iliyochomwa, unaacha ikauke, alafu unachora kwa ncha ya fedha, mstari unatoka wa kijivu na baada ya muda unageuka kahawia. Huo mstari haufutiki. Hata kwa mkate. Sasa mi ningekuwa wewe ningefurahi raba imeondoka, kwa sababu ulikuwa na mtu anakosea anafuta, sasa hivi una mtu ambaye kila akigusa karatasi hana pa kurudi.

Alexander naye ni hivyohivyo. Vikuku, vile vyuma vya kuwekea miguu ukiwa juu ya farasi, ushahidi mzuri wa vikuku viwili viwili unaanza China karne ya 4 baada ya Kristo, na Ulaya vimeingia karne ya 6 kwenda ya 7, wanaohusishwa navyo ni Waavar, watu wa farasi waliotokea nyika za Asia. Alexander alikufa 323 kabla ya Kristo. Ni zaidi ya miaka 600 kabla ya Mchina wa kwanza kuning'iniza mguu! Watu wanashindwa kuamini kwa sababu kikuku ni kitu kidogo mno, unaona kama vile kilizaliwa siku moja na farasi, na hiki ndo kinachonipa kazi mimi kila siku. Vitu vikubwa havimdanganyi mtu. Hakuna atakayemwandikia Alexander helikopta. Wanaodanganya ni vitu vidogo, kifungo na tundu lake, pini ya kufungia nguo, miwani, zipu (nimeshakutana na kahaba wa Kirumi anafungua zipu, naapa). Kwa hiyo Alexander mkalishe juu ya kitambaa, bila tandiko la maana, miguu inaning'inia, anamkamata farasi kwa mapaja, alafu mpe mkuki. Mwigizaji wako akijaribu kukaa hivyo kwenye benchi dakika tano ataelewa kwa nini wale wapanda farasi waliogopwa.

Na usisahau kwamba kitu kinaweza kuzaliwa halafu ndugu yake akachelewa. Chakula cha kopo kilianza 1810, bwana mmoja Durand alipata hati ya uvumbuzi Uingereza, alafu kifungua kopo kimekuja miaka ya 1850. Zaidi ya miaka arobaini watu wana kopo na hawana cha kulifungulia! Walikuwa wanatumia patasi na nyundo, wanajeshi ndo usiseme, bayoneti. Ukiandika baharia wa 1825 na kopo, sawa kabisa, ila ukimpa kifungulio umeharibu, na hapa ndo unaona kwamba kuuliza "kopo lilikuwepo?" haitoshi, unauliza kopo linatumikaje kuanzia linapotoka stoo mpaka mdomoni.

Tycho Brahe sina la kusema, jamaa yuko sahihi. Amekufa 1601, darubini imejitokeza Uholanzi 1608. Vipimo vyake vyote vya nyota alivifanya kwa macho makavu na mavyuma makubwa ya kupimia pembe. Kata, na usihuzunike, macho makavu ndo stori yenyewe.

Haya, Caesar na saa. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu panapendeza na kwa sababu sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo wengine hawana. Kosa hili lina ukoo mkubwa, Shakespeare mwenyewe ameliweka kwenye tamthilia yake ya Julius Caesar, wala njama wanakaa usiku na saa inagonga, wanahesabu, tatu. Caesar aliuawa 44 kabla ya Kristo, saa za mitambo zenye kengele zimeanza Ulaya mwishoni mwa karne ya 13. Kwa hiyo kama ni saa ya kugonga au ya mkononi, kata. Lakini neno "saa" lenyewe usilikate, na ndo maana nikasema jamaa hapa amekosea nusu. Warumi walikuwa na masaa, kumi na mawili ya mchana na kumi na mawili ya usiku, na waliyahesabu kuanzia jua linapochomoza, saa ya kwanza asubuhi, ya sita adhuhuri, ya kumi na mbili jua linazama. Unaona? Ni saa zetu! Mwingereza akisoma kwenye Injili kwamba giza liliingia tangu saa sita mpaka saa tisa inabidi awekewe maelezo chini ya ukurasa asije akadhani ni asubuhi, sisi tunasoma tunaelewa, mchana kweupe. Kwa hiyo Caesar akisema kwa Kiswahili "tukutane saa nne" anamaanisha karibu kabisa na unachomaanisha wewe.

Karibu, sio sawasawa. Saa ya Mrumi ilikuwa inavutika. Unachukua mchana wote, uwe mrefu uwe mfupi, unagawa kumi na mbili, kwa hiyo pale Roma saa moja ya kiangazi ilifika kama dakika 75 zetu na ya majira ya baridi kali ikashuka kwenye 45 hivi. Na dakika kwa mtu wa kawaida hazipo. Mkono wa dakika kwenye saa umezoeleka baada ya Huygens kutengeneza saa ya pendulamu 1656. Ndo maana ukimwandikia Caesar "nipe dakika moja Brutus" umekosea kuliko ungemwandikia saa. Alitumia nini sasa kujua muda? Kivuli, mtumwa wa kumtangazia, na saa ya maji, ile ya kudondosha. Caesar mwenyewe ameandika kwenye habari za vita vyake Gaul kwamba walipovuka kwenda Britania walipima kwa maji wakakuta usiku wa kule ni mfupi kuliko wa bara. Hebu fikiria, jenerali kaenda kupiga watu na kabeba chombo cha kupimia usiku. Mtoe saa ya mkononi, mpe hicho.

Hapo tumeshaingia kwenye maneno, na maneno ndo shimo ambalo hata wazoefu tunatumbukia. Newton amekufa 1727, neno la Kiingereza lenye maana ya mwanasayansi limetungwa na msomi wa Kiingereza Whewell miaka ya 1830, yeye Newton alijiona mwanafalsafa wa maumbile. Jamaa amelijua hilo, hongera zake, ila we unaandika Kiswahili! Newton hakuwahi kusema neno la Kiswahili maisha yake yote, kwa hiyo kila anachosema kwenye mchezo wako ni tafsiri, na ukianza kukata maneno kwa sababu yametungwa baadaye hutabaki na hata "na". Ninachoangalia mimi ni je, wazo lenyewe lilikuwepo? Watu wanaochunguza maumbile walikuwepo. Watu wenye kazi hiyo kama kazi, wenye jina la pamoja, wanaoweza kusema "sisi" kama madaktari wanavyosema sisi, hilo linatia shaka. Kwa hiyo ningeacha "mwanasayansi" kwa msimuliaji na ningemtoa huyo "sisi" mdomoni mwa Newton. Na Newton jinsi alivyokuwa mgomvi sidhani kama alikuwa na "sisi" nyingi.

Maneno ya hatari kwa Kiswahili sio hayo, ni misemo tunayoongea bila kufikiri ambayo ndani yake kuna injini. Nimepitia skripti moja ya enzi za Mafarao, mhusika anamwambia mwenzie "usinikate stimu". Mwingine "punguza spidi", mwingine "chaji imeniishia", mwingine amerudi rivasi. Stimu ni mvuke kabla haijawa umeme na kabla haijawa raha ya mtu, chaji inataka betri, na betri ya Volta ni ya 1800. Watazamaji hawatasema kosa ni nini lakini watacheka mahali ambapo hukutaka wacheke. Pitia mistari yako ukitafuta gia, breki, stimu, chaji, shoti, swichi, mtandao, filamu kichwani. Usipate presha na kila neno lakini, mfano "alitoka mbio kama risasi" kwenye jeshi la Alexander, mtu yeyote atakukata, na mi ningekata pia kwa sababu masikio ya leo yanasikia bunduki, ila mjuaji akiamua kukutetea ana pa kushika, wapiga kombeo wa Kigiriki walikuwa wanarusha vipande vya risasi kweli, metali, vingine vimechorwa maneno ya kumtukana adui. Kwa hiyo neno ni halali na bado ni baya. Andika mshale.

Sasa turudi kwa kosa la upande wa pili, la kukata kitu cha kweli, ambalo kwangu ni baya zaidi maana lenyewe linajiona limesoma. Garfield, rais wa Marekani, alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881 pale Washington, madaktari wakamchokonoa na vidole wasiione, na eksirei ya Röntgen ni ya 1895, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuona ndani. Jamaa yako labda kasikia "mashine" akafikiri umemwekea eksirei, au kaona Bell akasema huyu ni wa simu anatafuta nini hapa. Ni kweli tupu. Bell alileta mtambo wake wa kugundua metali, unapitisha juu ya mwili na unasikiliza kwenye kisikizio cha simu, ukikaribia metali mlio unabadilika. Ukashindwa, kwa sababu godoro lilikuwa na springi za chuma na mtambo ukawa unalia kila mahali, na kwa sababu daktari mkuu alishaamua risasi iko upande wa kulia akamruhusu Bell apime huko tu. Ilikuwa kushoto. Rais akafa Septemba. Hiyo sehemu sio tu usiikate, ipe nafasi zaidi, muweke Bell ananyamaza anasikiliza kitanda.

Mi mwenyewe nimeshaumbuka kwa kosa hilihili. Mwandishi mmoja alinipa mswada, kuna bwana wa Ujerumani mwaka 1825 anawasha mshumaa kwa laita ya mezani. Nikapiga mstari, tena nikaandika pembeni kwa dharau kidogo, "kiberiti chenyewe 1827, laita imetoka wapi?" Akanijibu kwa upole sana kwamba laita ya Döbereiner ni ya 1823, ndani ina asidi na zinki zinatoa haidrojeni, unafungua koki gesi inapiga kwenye platinamu inawaka yenyewe, na zilikuwa zinakaa kwenye majumba ya watu. Laita imezaliwa kabla ya kiberiti! Toka siku hiyo nikiona kitu kinaonekana wazi kabisa hakiwezekani, hapo ndo natafuta mara mbili. Faksi ni hivyohivyo, Bain aliisajili 1843, simu ya Bell ni ya 1876. Ubongo wetu unapanga vitu kwa ugumu wake, kirahisi kwanza kigumu baadaye, na historia haikufuata huo mpangilio.

Umeuliza pia mwishoni mwa ujumbe wako (nililikata pale juu) kama haya mambo yana faida yoyote nje ya michezo ya kuigiza. Yana. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza limepata shajara za Hitler, wanahistoria wakagawanyika, alafu maabara wakakuta karatasi ina dawa ya kung'arisha weupe ambayo imeanza kutumika baada ya vita, ikaishia hapo. Hitler alikufa 1945, unaona tena kaburi. Ramani ya Vinland, iliyodaiwa ya karne ya 15 ikionyesha Amerika kabla ya Columbus, wino wake una titani ya aina iliyoanza kutumika kwenye rangi miaka ya 1920, na Chuo Kikuu cha Yale, wenye ramani yenyewe, walikubali 2021 kwamba ni ya kughushi. Na karne nyingi kabla ya maabara, 1440, msomi wa Italia Lorenzo Valla alishaiangusha hati iliyosema mfalme Konstantino aliwapa mapapa utawala wa magharibi, kwa kuisoma Kilatini chake tu na kuuliza hawa "masatrapu" wa Roma (hicho ni cheo cha magavana wa Uajemi) wametokea wapi. Kuna kichekesho cha zamani cha sarafu yenye maandishi "mwaka wa 44 kabla ya Kristo", kila mtu anacheka, lakini Valla alikuwa anafanya hichohicho bila mtu kumchekea.

Tumalizie na Napoleon maana ndo aliyekuponza. Waterloo ni 18 Juni 1815, kiberiti cha kusugua ni cha John Walker, kimeanza kuuzwa 1827. Ukitaka kubishana na jamaa kuna vijiti vya Chancel vya Paris, 1805, ambavyo unachovya kwenye kichupa cha asidi vinawaka, ila fikiria mwenyewe mtu anatembea vitani juu ya farasi na asidi mfukoni. Kilichokuwepo ni gumegume na chuma, unagonga, cheche inaangukia kwenye kitambaa kilichounguzwa, unapuliza. Na usiku ule kulikuwa na mvua, mvua kubwa, mashamba yamegeuka tope kiasi kwamba asubuhi yake mashambulizi yalicheleweshwa. Sasa gonga hiyo gumegume kwenye mvua na kitambaa kilicholowa.

Alafu kuna kitu ambacho hata huyo jamaa hakukiona: sigara yenyewe. Napoleon alikuwa mtu wa ugoro, ananusa toka kwenye kisanduku kidogo, mwingine unamwagikia kwenye nguo. Hahitaji moto. Kwa hiyo toa kiberiti, toa sigara, weka askari wawili pembeni wanahangaika na gumegume, cheche zinaruka zinazimika, zinaruka zinazimika, na yeye yuko katikati kafungua kisanduku chake wala hawaangalii.